Burudani za baba na watoto hapa Tanga: bahari, mwezi, mapango na swali la "tumejuaje?"

MLETA MADA

Wanajamvi, natumaini hamjambo.

Mada za malezi hapa jamvini mara nyingi huishia kwenye ada za shule na adhabu, na ni nadra baba kueleza anacheza nini na wanawe. Nimeona niandike kwa kirefu kuhusu namna familia yangu inavyopumzika hapa Tanga. Hoja yangu ni moja na naisema mapema: mtoto aliyezoea kuuliza "tumejuaje?" akiwa anacheza na baba yake ufukweni hatapata tabu kuuliza swali hilo hilo ukubwani, siku atakapokuja mtu kumuuzia dawa ya uongo au kumtia hofu ili amtawale. Karibu burudani zetu zote zimejengwa juu ya swali hilo, na gharama yake ni ndogo mno.

Nyumbani tupo watano. Mimi nimeajiriwa katika shughuli za bandari, mama watoto ni mshonaji, binti yetu yupo kidato cha pili, mdogo wake wa kiume yupo darasa la tano, na kitindamimba ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Mji wetu ni tambarare na unafaa sana kwa baiskeli, kwa hiyo safari zetu nyingi ni za baiskeli, kitindamimba akiwa amekaa nyuma yangu.

Naanza na bahari, maana ndiyo inayotupa mengi zaidi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyevua Sahare kwa umri wake wote, aliwaambia watoto kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku inayofuata maji huchelewa kwa muda unaokaribia saa nzima. Watoto walitaka kulipokea neno hilo kwa kuwa limesemwa na babu wanayempenda. Nikawaambia kwamba kumheshimu babu ni jambo moja na kuyapima maneno yake ni jambo lingine, na kwamba mzee anayeijua kazi yake hawezi kuchukia kupimwa. Tukachukua fito ndefu ya mwanzi, tukaipiga mistari ya rangi kwa kipimo cha rula, tukaenda kuichomeka mahali ambapo maji hupwa na kuacha mchanga.

Tatizo la kwanza lilikuwa mawimbi. Kila wimbi lilipopita, maji yalipanda mistari miwili na kushuka mitatu, na binti na mdogo wake wakawa wanabishana juu ya mstari wa kuandika. Binti ndiye aliyepata dawa yake: alikata mdomo wa chupa kubwa ya maji ya kunywa, akatoboa tundu dogo kwenye kitako, akaifunga kwenye fito. Maji yaliingia na kutoka kwa taratibu kupitia lile tundu, wimbi likawa linapita nje huku ndani ya chupa maji yametulia, na usomaji ukawa hauna ubishi. Chupa ilipokaribia kujaa waliifungua na kuipandisha juu zaidi. Kutokana na fito ile waligundua jambo ambalo hata mzee hakuwa amewatajia, nalo ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mwanzoni hujivuta, katikati hukimbia, na yanapokaribia kujaa hupunguza mwendo hadi mtu akadhani yamesimama. Wavuvi wote wanalijua hilo kwa miguu yao, lakini mtoto aliyeliona katika tarakimu alizoandika mwenyewe hatalisahau.

Maneno ya mzee yalithibitika. Mwezi na jua vyote viwili huvuta maji ya bahari, na vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nguvu zao huungana na tunapata bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na yanakuja maji mafu. Hapa kwetu tofauti kati ya maji yaliyopwa na yaliyojaa wakati wa bamvua hupita mita tatu, ilhali katika maji mafu hubaki kiasi cha mita moja hivi. Kuchelewa kwa kila siku ni kama dakika 50, kwa sababu dunia inapomaliza kujizungusha mara moja, mwezi nao huwa umekwisha kusogea mbele katika njia yake. Siku hizi mtoto wa darasa la tano hahitaji kunisubiri. Anatazama tarehe ya mwezi, anaanza na saa kumi, anaongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita, na anatuambia kama Jumapili tutakuta mchanga wa kutembea au maji ya kuogelea Raskazone. Akikosea nusu saa tunaliandika kosa lenyewe na kutafuta sababu yake.

Mwezi wenyewe umetupa mchezo mwingine. Kila mtu huona kwamba mwezi mpevu unapochomoza baharini ni mkubwa kuliko unapokuwa utosini, na watu wazima wengi nimewasikia wakieleza kuwa wakati wa kuchomoza unakuwa karibu zaidi na dunia. Tulikwenda bustani ya Jamhuri jioni moja ya mwezi mpevu, kila mtu akanyoosha mkono wake kikamilifu na kuufunika mwezi kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Ukucha uliufunika wote na nafasi ikabaki. Baadaye usiku, mwezi ukiwa juu kabisa, tukarudia kitendo kile kile kutoka uani kwetu, na ukucha ukaufunika vile vile. Kitindamimba alikataa kuamini, akaomba arudie kwa mkono wa pili. Ukubwa ule unatengenezwa na macho na akili zetu. Nimefurahi kwamba mwanangu amelijua hilo mapema, kwa sababu mtu anayefahamu kwamba macho yake mwenyewe yanaweza kumdanganya hutafuta kipimo kabla ya kuapa.

Sasa nizungumzie bundi, jambo lililogusa mtaa mzima. Mwaka jana bundi alihamia kwenye mwembe wa jirani, akawa analia nyakati za usiku, na wote tunafahamu inavyosemwa kuhusu bundi akilia karibu na nyumba. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana na ambaye alikuwa amekuja kututembelea, alitaka afukuzwe kwa mawe. Nilimwomba kwa adabu atupe muda. Tukafungua daftari la safu mbili, moja ya usiku ambao bundi alisikika, nyingine ya misiba ya mtaani. Kabla ya kuandika chochote tulikubaliana masharti: utahesabiwa msiba wa mtaa wetu tu, utakaotokea ndani ya siku saba. Sharti hilo nalisisitiza kwa kila atakayejaribu, kwa maana bila kuweka mipaka mapema, msiba wa ndugu aliye Lindi miezi mitatu baadaye nao utaingizwa kwenye hesabu ya bundi.

Bundi alilia nyakati nyingi bila tanzia yoyote. Msiba uliotufika, wa mzee wetu aliyekuwa ameugua kwa muda mrefu, ulikuja katika kipindi ambacho bundi hakuwa amesikika kabisa. Wakati huo huo watoto walikuwa wamegundua chini ya mwembe madonge ya kijivu yenye manyoya, ambayo bundi huyatapika baada ya kula. Tuliyaokota kwa mifuko ya plastiki, tukayaroweka ndani ya kopo la zamani, na kwa kijiti binti akatenganisha mifupa: taya ndogo zenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa, mafuvu yaliyopasuka, na uti wa mgongo uliokatika vipande. Ilikuwa mifupa ya panya, panya wale wale wanaotafuna mahindi yetu ya akiba. Mama mkwe aliposomewa daftari na kuonyeshwa lile kopo, alinyamaza, kisha akasema basi aachwe ale panya. Mwembe upo na bundi yupo.

Nimetafakari sana kwa nini imani kama ile inadumu miongoni mwa watu wenye akili timamu. Sababu ninayoiona ni kwamba usiku ambao bundi analia na kesho yake kunatokea kifo huhadithiwa miaka 20, ilhali ule ambao analia na hakuna lolote hausimuliwi na mtu. Kumbukumbu ya jamii huchambua ushahidi hata kabla hatujaanza kufikiri. Daftari lina faida moja kubwa, ambayo ni kuandika hata usiku usio na habari.

Mapango ya Amboni yapo kiasi cha kilomita nane kutoka mjini, kwa barabara iendayo Mombasa. Aliyekulia Tanga amesikia kwamba ndani yake kuna njia itokayo Mombasa, na nyingine itokayo Kilimanjaro, na amesikia habari ya mbwa aliyepotelea humo na kuonekana mbali sana. Siku tuliyokwenda nilimwomba kijana anayewaongoza wageni atufanyie hisani moja: atupitishe kwanza bila kutaja jina la jiwe lolote, kila mtoto aandike anachokiona, ndipo atueleze. Alikubali kwa furaha. Jiwe ambalo wageni huonyeshwa kuwa ni mamba, binti aliliandika kuwa ni kitanda kilichovunjika na mdogo wake akaliandika kuwa ni jahazi. Kijana alipomulika tochi na kusema "mamba", sote tukamwona mamba, na tangu hapo hakuna aliyeweza tena kuliona jahazi. Nilimwonyesha binti yangu daftari lake mwenyewe, akalitazama kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo jina linavyotangulia na jicho kulifuata.

Kuhusu njia za chini kwa chini, niliwaeleza namna pango linavyozaliwa. Mawe ya Amboni ni ya chokaa iliyoanza kama mashapo ya chini ya bahari zama za kale mno. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni dayoksidi kutoka angani na kwenye udongo, yanakuwa na ukali mdogo, na ukali huo hula chokaa kwa maelfu ya miaka. Nyumbani tuliweka ganda la kome kwenye glasi ya siki, na watoto wakatazama mapovu yakitoka na siku zilizofuata ganda likawa jembamba hadi likapitisha mwanga. Basi nikauliza: Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na mawe yake hayayeyushwi na maji kwa namna hiyo, je, pango la chokaa litatobolea wapi? Mvulana alilijibu mwenyewe. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1994 na wataalamu kutoka Ujerumani na Uturuki ulikuta mapango kumi, na refu kuliko yote lilikuwa la mita 900. Kwangu mimi mita 900 za giza, popo na miamba inayodondosha maji zinastaajabisha vya kutosha, na Mombasa haihitajiki ili mtoto apigwe na butwaa.

Ndani ya pango ipo sehemu ya mzimu, ambapo watu huacha sadaka na nadhiri zao. Tulipita pale kimya, hatukugusa kitu, na hakuna aliyecheka. Mwenye shida aliyeacha kitambaa chake pale ni mtu mwenye uchungu wake, na watoto wangu wakimcheka nitakuwa nimewafundisha kiburi.

Nisije nikaeleweka kwamba wataalamu wana haki siku zote na wavuvi wanapiga porojo. Kisa cha silikanti, samaki wa pwani yetu hii hii, kinaonyesha kinyume chake. Kwa miaka mingi wanasayansi walimfahamu kupitia mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini kwamba ukoo wake ulitoweka pamoja na dinosaria kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunza makumbusho huko East London, Afrika Kusini, alimkuta mmoja katika shehena ya samaki waliovuliwa, akatambua kwamba si samaki wa kawaida, na profesa J.L.B. Smith akathibitisha ni nani. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na huko wavuvi walikuwa wanamfahamu siku zote. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 2004, wavuvi wa maeneo ya Kigombe na Mwarongo walianza kumnasa katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Watoto wangu walivutiwa hasa na jambo moja: kilichobadili mawazo ya wasomi ni samaki mwenyewe kuwekwa juu ya meza, na walipomwona waliyabadili bila kusubiri amri ya mkubwa. Kitindamimba alidhani kila silikanti ana umri wa mamilioni ya miaka, ikabidi kaka yake amfafanulie kwamba ulio wa kale ni ukoo. Samaki mmoja mmoja, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2021, anaweza kufikia takriban miaka 100.

Jioni za mvua tunacheza bao. Kanuni ya nyumbani ni kwamba kabla ya kusogeza kete lazima utaje shimo ambamo kete ya mwisho italala. Binti amekuwa hodari kuliko mimi katika kuihesabu mitaji yake, na mama watoto humshinda binti. Kutabiri kwa sauti, mbele ya watu, kabla ya tendo, ndiyo tabia ninayotaka wawe nayo katika kila jambo.

Naishia hapa kwanza. Karibuni mchangie.

MCHANGIAJI KUTOKA PANGANI

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi mzuri. Nina swali kuhusu nyuki wa vita ya Tanga. Marehemu babu alitusimulia kwamba mwaka 1914 Wajerumani waliwafuga na kuwafunza nyuki, wakawafungulia Waingereza, na ndiyo sababu Waingereza walishindwa. Watoto wako umewaelezaje?

MLETA MADA

Ahsante sana, ndugu yangu wa Pangani. Hilo tumelizungumza tukiwa mjini, na ni mfano mzuri wa habari yenye kiini cha kweli na nyongeza isiyo ya kweli. Nyuki walikuwepo kwa hakika. Waingereza waliteremsha kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India tarehe 2 Novemba 1914, mapigano makubwa yakatokea tarehe 4, na tarehe 5 walikuwa wanarudi melini wakiacha nyuma silaha nyingi. Waliokabiliana nao chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika, walikuwa kiasi cha elfu moja. Risasi zilipopiga mizinga iliyokuwa mitini, nyuki walitoka kwa hasira na kuwashambulia askari.

Hapo niliwauliza watoto swali moja tu: nyuki aliyefunzwa angemjuaje Mwingereza? Nyuki hao waliwauma watu wa pande zote mbili, hata wapiga bunduki za rashasha za upande wa Wajerumani. Kisha tukatafuta sababu nyingine za kushindwa, nazo hazikosekani: askari walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya baharini, wengi hawakuwa wamewahi kupigana katika mashamba na vichaka vya namna ile, na makamanda wao walikawia kiasi cha kumpa adui muda wa kuleta watu kwa reli kutoka bara. Aliyeshindwa na jeshi dogo hupendelea sana kisa cha nyuki wa hila, na aliyeshinda naye hapotezi kitu kikisimuliwa. Babu yako alisimulia alichosimuliwa. Swali la kufaa ni kisa kile kiliwafaa akina nani kilipoanza kuenezwa.

MCHANGIAJI WA NGAMIANI

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mzazi mwenzako na nina wasiwasi kidogo. Mtoto akizoea kutaka ushahidi wa kila kitu hatakuwa mbishi kwa wakubwa? Na katika dini itakuwaje?

MLETA MADA

Marahaba. Wasiwasi wako ni wa mzazi anayejali, nami nimekaa nao kwa muda.

Kuhusu adabu, nyumbani tumeweka utaratibu. Mtoto hasemi "si kweli" kwa mkubwa. Anauliza, "Babu, ulilijuaje hilo?" na anasikiliza hadi mwisho. Nimeshangaa kuona wazee wanavyolipenda swali hilo. Mzee wetu wa Sahare, tangu alipoulizwa kuhusu maji, hukaa na watoto barazani na kuwaeleza mambo ambayo hata wanawe hawakuwahi kumwuliza, kama vile kwa nini wavuvi wa dagaa hufanya kazi katika usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi: mwanga wa taa unaowakusanya dagaa huzidiwa nguvu na mwanga wa mwezi. Mtoto anayeitikia "ndiyo" kwa kila neno hapati hazina ya namna hiyo, kwa sababu mzee hana haja ya kuendelea kueleza.

Kuhusu dini, mimi ni Muislamu na watoto wangu wanakwenda madrasa. Ibada yangu siipimi kwa fito ya mwanzi, wala sijaona haja. Lakini katika mafundisho yetu wenyewe lipo tukio linalonisaidia sana. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Ingekuwa rahisi kuwaacha waseme, kwa kuwa maneno yale yalimtukuza mwanawe. Yeye aliwakanusha, akawaeleza kwamba jua na mwezi ni alama miongoni mwa alama za Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Baba aliye katika msiba mzito alikataa habari isiyo ya kweli iliyokuwa inampendeza. Nikiwasomea watoto tukio hilo, sioni mgongano wowote kati ya chuo na daftari la bundi.

Tulilikumbuka pia usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote. Kuanzia kiasi cha saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne ulikuwa na wekundu wa shaba. Wengine mtaani walisema ni dalili ya balaa. Binti aliwaeleza wenzake kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua uliopinda ndani ya hewa ya dunia, yaani mwanga wa machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa pamoja, na akawaonyesha ukingo wa kivuli ulivyokuwa wa mviringo ulipokuwa unaula mwezi, ishara ambayo wataalamu wa kale waliitumia kujua kwamba dunia ni duara.

Jambo ambalo kweli linanitia hofu ni simu. Yale maneno yanayozungushwa kila baada ya muda, kwamba leo usiku miale hatari kutoka angani itapita karibu na dunia na kila mtu azime simu yake kabla ya saa sita na nusu, yamefika nyumbani kwetu kupitia ndugu tofauti kwa miaka tofauti, na kila mara ni "leo". Watoto wamejifunza kuyatambua kwa dalili tatu: hayana tarehe, hayana mwandishi anayeweza kuulizwa, na yanamtaka msomaji awatumie wengine haraka kabla hajafikiri. Miale ni mzaha mdogo. Hata hivyo, kwa njia hiyo hiyo hupita maneno ya dawa ya kuponya kisukari kwa wiki moja, na nimemwona mtu wa karibu akiacha vidonge vyake kwa ajili ya maneno ya aina hiyo, akaishia kulazwa. Kwa hiyo siwezi kulichukulia swali la "tumejuaje?" kuwa mchezo wa watoto peke yao, ingawa tunalifundisha kwa mchezo.

MCHANGIAJI KUTOKA BAGAMOYO

Mkuu, nimesoma yote. Mimi nina watoto wawili, muda wangu ni Jumapili tu. Nianze na lipi? Hizo saa za maji zinafaa huku kwetu pia?

MLETA MADA

Anza na fito, mkuu. Bagamoyo maji hujaa na kupwa karibu saa zile zile za Tanga, na ufukwe wenu umelala zaidi kuliko wetu, hivyo yakipwa wakati wa bamvua mnapata eneo pana la kutembea. Chagua Jumapili iliyo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, fikeni kabla ya saa nne asubuhi maji yakiwa yamekwisha kutoka, chomekeni fito, kisha kaeni nayo yanapoanza kurudi. Chukueni kofia, maji ya kunywa na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hufutika daftari likilowa. Usiwaambie watoto jibu mapema. Waache kwanza waandike wanachotabiri, na wewe andika cha kwako kwenye ukurasa huo huo.

Pia wekeni alama Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2026. Alfajiri hiyo, kiasi cha saa kumi na moja na nusu, mwezi utaanza kupatwa na utatua ukiwa bado unaliwa. Kwa tukio hilo ufukwe hautatufaa, maana mwezi utakuwa upande wa magharibi, nyuma ya nyumba na minazi. Sisi tutakwenda na baiskeli kwenye uwanja wa shule ulio wazi upande huo, baada ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Nanyi tafuteni uwanja wenu mapema, mkaujaribu alfajiri ya mwezi mpevu wa Julai ili mjue kama kuna paa au mti unaokinga.